Kulabu Ishirini na Mbili

Damu ilikuwa imemkaukia kwenye viatu mwanamke yule alipoingia yadini kwa Nusu Bei, asubuhi ya Jumanne, akauliza kulabu za chuma zinauzwaje.

Haikuwa damu yake. Alikuwa anatoka zamu machinjioni, na hakuona kwa nini apitie nyumbani kubadili viatu kwa ajili ya muuza vyuma. Nusu Bei alimtazama miguu, akamtazama mikono, akajua kwamba huyu si wa kubabaishwa na maneno matamu.

Kazi ya Nusu Bei ilikuwa kununua mizigo ya biashara zilizokufa. Duka la dawa likifungwa, rafu zake. Saluni ikifilisika, viti vyake. Alianza na mkokoteni wa kuazima, akausukuma mpaka viganja vikaota sugu, na sasa yadi ilikuwa yake, mkokoteni wake, na mlinzi langoni wake pia. Jina alilipata kwa tabia: mtajie bei ya kitu chochote, hata kikombe cha chai, mdomo wake ulishasema "nusu" kabla kichwa hakijafikiri. Wiki ile alikuwa amebeba vyuma vyote vya bucha kubwa iliyokufa, na kulabu zilikuwa zimening'inia kwenye boriti ya kibanda chake, nzito, zinang'aa, chuma kisichojua kutu.

Mwanamke alichagua moja, akaishika kwa mikono miwili, akakunja magoti. Mwili mzima, na haukuwa mwili mdogo, ukaning'inia pale. Boriti ikalia. Kulabu haikutikisika.

"Hii inafaa," alisema, akashuka.

"Unafungua bucha, mama?"

"Napanga vitu vya mbwa."

Nusu Bei alicheka mpaka akashika kiuno. "Mbwa ana vitu gani? Mbwa ana mkia."

"Wangu wako wawili, na kila mmoja ana vitu kumi. Nipe ishirini na mbili."

"Kumi na kumi ni ishirini, mama. Mbili za nini?"

"Ukizileta nyumbani utaona. Bei?"

Nusu Bei alitaja. Mwanamke hakufikiri hata kidogo.

"Nusu."

Mlinzi langoni alipasuka kicheko. "Bosi, leo umekutana na dawa yako!"

Wakavutana hadi jua likapanda. Nusu Bei aliapa kwa uhai wake, akasema anawanyang'anya watoto wake chakula, akajifanya anazirudisha kulabu ndani. Mwanamke alikaa juu ya kiti cha saluni, akavua kiatu, akaanza kubandua damu kavu kwa kisu kirefu chembamba alichokitoa kiunoni, bila haraka yoyote. Mwishowe akazichukua kwa nusu. Jambo hilo lilimkaa Nusu Bei kooni kama mwiba wa samaki.

Alizipeleka mwenyewe kwa mkokoteni, kwa sababu alitaka kuona hizo mbili za ziada.

Nyumba ilikuwa ya vyumba vitatu na ukumbi mwembamba katikati, na uani kumesakafiwa saruji hadi ukutani. Mara tu alipokanyaga kizingiti, mlango wa kushoto ukapigwa kishindo kutoka ndani, bila mlio wa mnyama. Kutoka uani mbwa mwingine akabweka, akabweka, hakuwa na nukta wala mkato.

"Huyo anayebweka ni Wakili," alisema mwanamke. "Huyu wa ndani ni Hakimu. Hakimu hasemi. Yeye anahukumu tu."

Walikuwa mbwa wa kampuni ya ulinzi, wamelelewa lango moja. Kampuni ilipovunjika, ilitaka kuwachoma sindano ya kifo wote wawili. Mwanamke, ambaye alikuwa akiwaletea mifupa kutoka machinjioni, aliwachukua wote. Miezi mitatu walilala ubavu kwa ubavu. Kisha siku moja alimwekea Wakili chakula kwenye bakuli la Hakimu, kwa uchovu tu, bakuli lililokuwa karibu. Alikunja mkono wa gauni kumwonyesha Nusu Bei kilichofuata. Kutoka kiwikoni hadi kwenye kifundo nyama ilikuwa imeungwa vibaya, kama unga uliokandwa na mtu asiyejua.

"Daktari wa mifugo alishona watatu siku ile. Mimi wa mwisho. Akaniambia, mama, hawa sasa wana kesi isiyoisha, mmoja mpe mtu. Nikamwambia nilichukua wawili, sibaki na mmoja."

Kwa hiyo alipanga nyumba. Ukuta wa kushoto wa ukumbi ulikuwa wa Hakimu, wa kulia wa Wakili. Kila upande kulabu kumi: mkanda wa shingo, mnyororo, kifunga mdomo, brashi, kitana cha viroboto, taulo, blanketi, mfuko wa dawa, bakuli la maji na bakuli la chakula, yote mawili yametobolewa tundu ukingoni yapate kuning'inia. Hakuna kitu kilichovuka ukumbi. Hata fagio zilikuwa mbili. Asubuhi Wakili alitoka uani na Hakimu akafungiwa, jioni wakapishana. Mbwa hawa walikaa nyumba moja mwaka mzima bila kuonana sura.

"Si ungefua tu vitu kwa sabuni?" Nusu Bei aliuliza.

"Sabuni ni ya pua yako wewe. Wao wananusa kilicho chini ya sabuni."

Kulabu ya ishirini na moja aliigongomea karibu na mlango wa mbele, usawa wa bega lake. Akatundika hapo kabari ya mti mgumu, urefu wa kiganja na nusu, imechongwa ncha bapa. Mbwa akishauma kwa nia ya kuua, alieleza, hata umpige nyundo haachii. Dawa ni kupenyeza kabari nyuma ya magego na kuisokota. "Nafunga macho, nanyoosha mkono, naipata. Tazama." Akafunga macho, akaipata. Ile ya ishirini na mbili aliikaza kwenye mlango wa Hakimu iwe komeo, kwa sababu makomeo ya dukani Hakimu alikuwa ameshayavunja matatu.

Nusu Bei alirudi na mkokoteni mtupu akihisi zile kulabu zikimng'aria mgongoni, akahesabu kimoyomoyo alichopoteza.

Mtaani walimwita Mama Kulabu, na jina lilikuwa la zamani kuliko kulabu zenyewe. Miaka ishirini alichinja na kuchuna. Aliwahi kuwa na mume, kibarua wa hapohapo machinjioni, mtu wa kupenda kuonekana mwanamume. Alimpiga mara moja tu, kofi, mbele ya wenzake. Mama Kulabu alimaliza kuchuna ng'ombe aliyekuwa mbele yake, akanawa mikono, akamkamata mume kwa ukosi wa koti na kumtundika kwenye reli ya nyama, koti na mtu wake ndani. Alikaa pale akipiga mateke hewani hadi msimamizi alipokuja. Siku hiyohiyo mume alirudi kwa mama yake. Machinjioni bado wanasimulia kwamba alipita mlangoni na mhuri wa "imekaguliwa" mgongoni.

Yote haya Nusu Bei aliyasikia kwa mlinzi wake, akacheka, akayasahau. Alikuwa na mambo yake.

Kisha wezi wakaja yadini. Hawakuja usiku, walikuja Jumapili mchana, mtaa mzima ukiwa umelala baada ya chakula. Walikuwa wanne na mitarimbo. Mlinzi alisimama langoni na rungu lake, wakamnyang'anya, wakampiga nalo. Nusu Bei alipofika alimkuta ameketi chini ameegemea mlingoti wa lango, anashika upande mmoja wa uso, na kitu chekundu kikipita katikati ya vidole. Jicho la kushoto halikupona. Mizani, pampu na nyaya zote za shaba zilikuwa zimekwenda. Wakarudi Jumapili ya pili, na ya nne. Walijua njia kama wateja.

"Bosi," alisema mlinzi wake, uso nusu umefungwa kitambaa, "rungu haliwatishi. Tafuta kitu chenye meno."

Nusu Bei akamkumbuka Wakili. Mbwa anayebweka vile, mwizi angemsikia mitaa mitatu. Akaenda kwa Mama Kulabu na mguu wa ng'ombe begani, zawadi.

"Nipe Wakili. Mmoja akiondoka, nawe unapumzika na mambo ya kulia na kushoto. Taja bei."

"Simuuzi."

"Sijasema nusu, mama. Taja, nalipa yote."

Mama Kulabu alimtazama, kwa mara ya kwanza kana kwamba anamhurumia. "Kumbe hali yako ni mbaya kweli. Mbwa siuzi. Mguu wa ng'ombe acha, wataula. Kila mmoja kwa zamu yake."

Alirudi mara mbili tena. Mara ya mwisho alimkuta akigawa mguu mwingine kwa shoka, vipande viwili sawasawa, na hakualikwa kukaa.

Basi mwezi mmoja baadaye fahali akakata kamba machinjioni. Alimrusha kijana wa kubeba ngozi juu ya ukuta, akambana Mama Kulabu kwenye nguzo, akamsukuma kwa paji la uso mara tatu kabla hawajamwangusha kwa shoka. Mbavu nne zilivunjika. Walimpeleka hospitali akitukana, na matusi yenyewe yakitoka na mapovu ya damu.

Nusu Bei alipopata habari, alinunua machungwa. Hospitali hakwenda. Alikwenda nyumbani kwa mgonjwa.

Alimkuta mdogo wake Mama Kulabu, mwanamke mwembamba mwenye sauti laini, mtandika vitanda katika hoteli. Alikuwa amechukua likizo awatunze mbwa. Zamu za kuwatoa alizishika vizuri. Alikuwa mtu wa ratiba. Ila zile kuta zilikuwa zinamtesa.

"Karibu, kaka. Samahani kwa fujo hii. Tazama mwenyewe! Minyororo ukutani, matambara ukutani. Utadhani chumba cha kuteswa watu. Dada yangu amezoea machinjio, anafikiri kila kitu ni cha kutundikwa."

"Alikuachia maagizo?"

"Aliniambia nisiguse ukuta. Lakini alikuwa amepigwa sindano ya usingizi, hata jina langu alikosea."

Hapo Nusu Bei alikuwa na njia mbili. Angeweza kumwambia habari ya bakuli na ule mkono. Alijua. Badala yake alijisikia akisema:

"Nina kabati la droo, lilikuwa la duka la dawa. Droo kumi na mbili, zinateleza kama maji. Vitu vyote vya mbwa vinaingia humo na ukumbi unaonekana ukumbi wa watu."

Macho ya yule mwanamke yaliwaka. "Bei yake, kaka? Mimi ni wa mshahara."

"Sikudai hata kidogo. Nipe hizi kulabu kuukuu, yaishe."

Njiani alijiambia kwamba mdogo mtu atafua vitu vyote kwa maji moto, kwa hiyo harufu itaisha. Alijiambia kwamba kulabu zilikuwa zake tangu mwanzo. Na chini ya hayo yote, mahali ambapo hakupenda kupatazama sana, alijiambia kwamba nyumba ile ikishindwa kubeba mbwa wawili, mmoja atatafutiwa lango.

Alileta kabati kesho yake. Aling'oa kulabu mwenyewe, kumi za kushoto, kumi za kulia. Kabari akaiweka juu ya kabati akachukua na kulabu yake. Ikabaki ile ya mlango wa Hakimu. Ilikuwa nzuri kuliko zote. Alipokubaliana na mtu aliyekuwa anajiandaa kufungua bucha mpya, alikuwa ameshasema ishirini na mbili, na yeye hakuwa mtu wa kupeleka pungufu. Akaifungua, akapiga msumari mnene badala yake, akaupinda uwe komeo.

"Huo utashika?" aliuliza mdogo mtu.

"Huo? Utatuzika sisi sote, shemeji."

"Shemeji wa wapi tena wewe!" alisema yule, akacheka, akaanza kukunja.

Alikunja kweli. Alifua, akapiga pasi mataulo, akaweka brashi na brashi, minyororo na minyororo, mablanketi mawili moja juu ya jingine. Alipojua siku ambayo dada yake anaruhusiwa, alimtumia Nusu Bei habari aje kushuhudia furaha. Nusu Bei akaja na mkokoteni, saa nne asubuhi. Ombi lake la Wakili alikuwa nalo tayari mdomoni, amelipanga upya.

"Hakimu ana nini leo?" aliuliza. Mlango wa kushoto ulikuwa unakwaruzwa kutoka ndani bila kupumzika.

"Sijui. Nilimpa blanketi safi asubuhi, amelichanachana lote. Nadhani amemkumbuka dada."

Nusu Bei aliuangalia ule msumari. Ulikuwa umeanza kunyooka. Alifungua kinywa aseme, na hapo teksi ikapiga honi nje.

Mama Kulabu aliingia amejishika ubavu, amefungwa bendeji kutoka kwapani hadi kiunoni, uso umekonda. Alisimama kwenye kizingiti. Akatazama ukuta wa kushoto, tupu, matundu tu. Akatazama wa kulia.

"Karibu nyumbani, dada!" Mdogo mtu akavuta droo. "Ona. Mablanketi. Mikanda. Hapa dawa zote pamoja, hapa—"

"Pamoja," alisema Mama Kulabu.

Hakupandisha sauti. "Hakimu umempa blanketi lipi?"

"La juu. Yote ni safi, dada, nimefua kwa maji ya moto..."

"Wakili yuko wapi?"

Wakili alikuwa uani, na alikuwa ameshaisikia sauti aliyoikosa kwa siku kumi na moja. Alikuja mbio, akausukuma mlango wa uani kwa kifua, akaingia ukumbini mkia ukipiga huku na huku, anabweka kwa furaha. Na msumari ukaruka.

Mbwa wanaogombana kweli hawabweki. Hilo Nusu Bei hakulijua. Alisikia kishindo cha miili miwili ikigongana, kisha pumzi tu, na kucha zikitafuta sakafu. Hakimu alimchukua Wakili chini ya shingo, akamwinua, akampigiza kwenye kabati. Droo zikafunguka zenyewe. Wakili akamchana sikio likabaki linaning'inia kwa uzi wa ngozi, akamwendea mguu, mfupa ukasikika. Wakaviringika. Damu ilipiga ukuta mweupe, chini hadi juu, kwenye yale matundu ya kulabu. Mdogo mtu alikuwa amepanda juu ya kiti anapiga mayowe yasiyo na maneno.

Mama Kulabu alifunga macho, akanyoosha mkono nyuma yake, usawa wa bega.

Mkono ukagusa ukuta mtupu.

"Kabari!" alisema. "Kabari iko wapi?"

"Nini?" alilia mdogo wake. "Kabari ni nini?"

"Kile kipande cha mti!"

"Nimekiweka! Nimekiweka kwenye... sijui, dada, kwenye droo!"

Droo kumi na mbili. Sita zilikuwa zimeshamwagika, na mbwa wanaviringika juu yake. Mama Kulabu akainama kupapasa, mbavu zikamkata pumzi, akaanguka goti moja. Hakimu alikuwa anatikisa kichwa, yule Wakili mdomoni mwake anatikisika kama gunia tupu, na Nusu Bei akaona kitu kimoja tu: kwamba mbwa wake wa langoni anakufa. Hakufikiri. Akajitosa, akamshika Wakili ngozi ya kisogo amvute.

Wakili hakujua mkono wa nani. Aligeuza kichwa kadiri alivyoweza, akauma kilichokuwepo.

Sasa ilikuwa mnyororo mmoja. Hakimu kamshika Wakili, Wakili kamshika Nusu Bei. Kila Hakimu alipovuta, meno ya Wakili yalizidi kuzama, na Nusu Bei akasikia vidole vyake vikivunjika, kimoja, kingine, kama vijiti vya kuwashia moto. Alipiga kelele. Alipiga mbwa ngumi, akapiga teke, akamwita mama yake. Taya halikuachia.

Mama Kulabu aliinuka. Alikwenda jikoni akijivuta kwa ukuta, akarudi na kile kisu kirefu chembamba. Akapiga magoti kwenye damu. Alimtazama Hakimu, akamtazama Wakili, akautazama mkono wa Nusu Bei, na Nusu Bei akayaona macho yale yakifanya hesabu, akajua kwamba yuko mezani pamoja na nyama nyingine na kwamba jibu halina uhakika.

"Mama," alisema. "Tafadhali."

Mama Kulabu alimwekea Wakili kiganja juu ya macho.

"Lala, baba," akamwambia mbwa, na kisu kikaingia mara moja tu, mahali alipojua.

Taya likalegea. Hakimu aliendelea kumtikisa maiti kwa kitambo, kisha akaona hapigani na mtu, akaachia, akaenda kulala kwenye chumba chake huku akiburura mguu.

Kidole kidogo na cha pete havikuokolewa. Mkono wa kulia, ule wa kusalimiana na wateja. Lakini hayo yalijulikana jioni, hospitalini. Asubuhi ile bado alikuwa amekaa sakafuni, mkono umefungwa kwa taulo lililopigwa pasi, pale Mama Kulabu aliposimama juu yake.

"Kulabu ya mlango ulichukua wewe."

"Nilichukua mimi."

"Na ulijua."

Nusu Bei alikuwa ameshinda mabishano mengi maishani. Hili hakulianza. "Nilijua."

Mdogo mtu, aliyekuwa bado juu ya kiti, alimtazama, kisha akashuka, akamtemea mate miguuni. Dada yake hakumkataza, na hakumsemesha pia. Jioni mdogo mtu alirudi hotelini kwake, na kwa miezi mingi hakukanyaga pale.

"Uani kwangu ni saruji," alisema Mama Kulabu. "Ulimtaka langoni kwako. Mweke langoni kwako."

Wakampakia Wakili kwenye mkokoteni. Mlinzi mwenye jicho moja ndiye aliyechimba, ndani ya lango, mkono wa kushoto ukiingia.

Kabati lilirudi yadini baada ya siku tatu, limechanwa kwa kucha. Nusu Bei, mkono umefungwa kama mpira, alivuta droo moja baada ya nyingine. Kwenye ya nane, ndani ya taulo lililokunjwa pembe nne sawasawa, ilikuwamo kabari. Siku ile droo ya nane ilikuwa upande wake. Angenyoosha mkono tu.

Aliipeleka pamoja na kulabu. Mama Kulabu alikuwa amekaa ukumbini, Hakimu miguuni pake, mguu umefungwa kwa vibao, sikio moja.

"Kumi za kushoto. Ya mlango. Ya kabari. Zirudishe zilipokuwa. Zile kumi nyingine uza, ulizitaka sana."

Alizigongomea kwa mkono wa kushoto, nyundo ikimpiga dole gumba mara kwa mara, na hakuna aliyemsaidia. Zile kumi aliziuza bucha mpya jioni hiyohiyo. Alitaja bei, akapewa, akaondoka. Mwenye bucha alidhani anaumwa.

Hapo ndipo mambo yangeishia, kama si pua ya Hakimu.

Hakimu alipopona, Mama Kulabu alianza kwenda naye kazini, kwa sababu nyumbani peke yake alikuwa anavunja milango. Njia ya machinjioni inapita mbele ya yadi. Siku ya kwanza Hakimu alifika langoni, akasimama. Manyoya yakamsimama mgongoni. Akaingiza pua chini ya lango, akavuta hewa, na mbwa yule asiyesema akatoa mngurumo uliotetemesha mabati. Alichimba kwa kucha. Aliuma chuma cha lango hadi mate yakawa na damu. Ikabidi Mama Kulabu na mlinzi wamvute pamoja.

Kesho yake vilevile. Asubuhi na jioni, kila siku ya Mungu. Kesi yake ilikuwa haijaisha, na mshtakiwa kuwa chini ya udongo hakukumhusu.

Mtaani wakaanza kusema Nusu Bei amepata mbwa wa ajabu, mkubwa kama ndama, anauma chuma. Nusu Bei hakumsahihisha mtu. Jumapili ya kwanza ikapita. Ya pili. Ikapita miezi, na wezi hawakuonekana tena.

Mama Kulabu hakuwa mjinga. Asubuhi moja alimfunga Hakimu kwenye mlingoti wa umeme upande wa pili wa barabara, akaingia yadini, akakaa kwenye kiti kilekile cha saluni.

"Naona unalala vizuri."

"Namshukuru Mungu, mama."

"Mungu hana meno yale. Nataka kulabu zangu kumi za kulia."

"Niliziuza. Ulisema niuze."

"Nunua. Kuna mbwa jike pale kituo cha mizigo, mlinzi wake amekufa, wanataka kumpiga risasi Ijumaa. Ana vitu kumi."

Nusu Bei alitaka kumuuliza kama ana akili timamu. Akautazama ule mkono wenye nyama iliyoungwa vibaya, naye akauficha wake nyuma ya paja.

"Na nikikataa?"

"Machinjioni kuna njia mbili za kwenda. Hii ndiyo ndefu."

Alikwenda bucha siku hiyohiyo. Mwenye bucha, aliyekuwa na nyama imening'inia kwenye kila kulabu, alitaja bei ya mtu asiyetaka kuuza. Mdomo wa Nusu Bei ulishaanza, "Nu...", na mwenye bucha akatabasamu akisubiri. Nusu Bei akaufunga. Akatoa mkono wa kulia, vidole vitatu, akampa yote.

Alhamisi alizigongomea ukutani. Safari hii nyundo haikumpiga dole gumba. Ya mwisho ilipokazwa, Mama Kulabu alizijaribu moja baada ya nyingine kwa uzito wake wote, akakunja magoti, mbavu zilizoungwa zikilia. Kisha akafunga macho, akanyoosha mkono nyuma, usawa wa bega, akaipata kabari.